Je, pori linaweza kuficha mnyama wa hadithi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

"Mnyama wa hadithi" ni yupi hasa?

Ni yule ambaye watu wanamsimulia miaka nenda miaka rudi, wapo wanaoapa wamemwona kwa macho yao, lakini mpaka leo hakuna mfupa, ngozi wala jino lake lililofika kwenye makumbusho yoyote. Nessie wa ziwa la Loch Ness kule Scotland, yeti wa Himalaya, Sasquatch wa Marekani na Kanada (ndo huyohuyo wanamwita Bigfoot), mokele-mbembe wa vinamasi vya Kongo, nunda wa pwani ya Afrika Mashariki, na wengine kibao. Majini na mizimu hawamo humu, na siyo kwa dharau, ila kiumbe asiyekula wala kuzaa huwezi kumpima kwa ekolojia, yaani sayansi ya viumbe na mazingira yao. Hapa kila mmoja tunamchukulia kama mnyama kamili mwenye tumbo, anayekula, anayekunya, anayetafuta mwenzi, anayezeeka na kufa, halafu tunauliza, pale wanaposema yupo, maisha hayo yangewezekana?

Si bado kuna mapori ambayo binadamu hajafika?

Binadamu kafika karibu kote, ambaye hajafika mara nyingi ni mtafiti, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Chukua mlima Mabu kaskazini mwa Msumbiji. Watu wa vijiji vya pale wanaujua msitu wao siku zote, lakini wanasayansi walikuja kuushtukia mwaka 2005, pale Julian Bayliss alipokuwa anapekua picha za satelaiti kwenye Google Earth akaona doa kubwa la kijani ambalo halikuwa kwenye orodha zao. Walipoingia wakakuta msitu wa mvua wa karibu hekta 7,000, na ndani yake vinyonga, vipepeo na nyoka ambao hawakuwa na jina kwenye kitabu chochote cha sayansi.

Na bonde la Kongo ndo kabisa. Kule kuna kinamasi chenye mboji iliyorundikana kwa maelfu ya miaka, eneo la kilomita za mraba kama 145,500, yaani kubwa kuliko England nzima, na ramani yake ya kwanza ya maana imechapishwa 2017. Siyo 1817, ni 2017! Kwa hiyo anayekwambia dunia yote imeshajulikana, mwambie bado sana.

Ila sasa watu wanaruka kutoka "halijachunguzwa" mpaka "basi chochote kinaweza kuwa humo", na hapo ndo wanapotea. Mabu imetoa vinyonga na vipepeo, haijatoa jitu. Mwili ukiwa mkubwa unadai ardhi kubwa, chakula kingi na wenzake wengi, na vyote hivyo vinaacha alama.

Kuna mnyama wa hadithi aliyewahi kugeuka kuwa kweli?

Wapo, na hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote.

Okapi anajulikana zaidi. Wambuti wa msitu wa Ituri walikuwa wanamwinda na wana jina lake, ila Wazungu walikuwa wanasikia tu stori za mnyama kama punda ndani ya msitu mnene. Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza Uganda, akafuatilia, na kitu cha kwanza kushika mkononi kilikuwa vipande vya ngozi yenye mistari ambavyo vilishageuzwa kuwa mikanda. Kwa mikanda hiyo wataalamu wa London wakaamua ni pundamilia wa msituni, wakampa na jina la ukoo wa farasi. 1901 ikafika ngozi nzima na mafuvu, wakagundua huyu ni ndugu wa twiga. Mnyama wa kilo 200 mpaka 350, kakaa msituni bila sayansi kumjua mpaka karne ya 20.

Halafu kuna saola wa milima ya Annam, mpakani mwa Vietnam na Laos. Mwaka 1992 watafiti waliingia hifadhi ya Vu Quang, wakawa wanapita kwenye nyumba za wawindaji, wakaona pembe ndefu zilizonyooka zimetundikwa kama pambo. Hakuna mnyama waliyemjua mwenye pembe zile. Yaani ugunduzi mkubwa wa mamalia wa miaka hiyo ulianzia ukutani kwa mtu! Mnyama mwenyewe ana kilo 80 mpaka 100, na mpaka leo picha zake akiwa porini zinahesabika kwa vidole.

Na kipunji. Kule Tanzania, mlima Rungwe, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja nyani mwenye aibu sana anayeishi juu kwenye miti, na walikuwa wanataja pia viumbe vya kiroho, kwa hiyo watafiti hawakuwa na uhakika huyu kipunji yuko kundi gani. Walianza kumfuatilia 2003, mwaka uliofuata timu nyingine ikamwona nyani huyohuyo kule Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, mbali kabisa na Rungwe, na 2005 wakatangaza spishi mpya. Mwaka huohuo mmoja akafa kwenye mtego shambani kwa mahindi, wakapima vinasaba vyake, 2006 akapewa jenasi (kundi la spishi ndugu) yake peke yake, kitu ambacho hakikuwa kimetokea kwa nyani wa Afrika kwa miaka 83.

Angalia wote watatu. Kila mmoja alikuwa na jina kwa watu wa pale kabla mtafiti hajafika. Kila mmoja alikuwa anawindwa au ananasa mitegoni. Na kila mmoja alikuwa na ndugu wanaojulikana na alikula kitu kinachopatikana palepale.

Samaki coelacanth je? Si walisema ametoweka na dinosaria?

Kweli kabisa, na kila mtetezi wa Nessie anamtaja huyu. Desemba 1938 huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji alienda kukagua samaki wa meli ya uvuvi, akaona pezi la bluu limechomoza kwenye rundo, akaondoa samaki wa juu akakutana na samaki wa mita moja na nusu mwenye mapezi kama miguu mifupi. Kwa hesabu za wakati huo ukoo wake ulikuwa umekwisha miaka kama milioni 66 iliyopita. Wa pili alipatikana 1952 Komoro, na wavuvi wa kule walikuwa wanamjua miaka yote, wanamwita gombessa.

Lakini soma anavyoishi. Mchana anakaa kwenye mapango ya mwamba, mita 100 mpaka 300 chini ya maji, hatembeitembei ovyo na hana haja ya kuja juu maana anapumua majini. Kajificha kwa sababu makazi yake yanamruhusu kujificha. Reptilia mkubwa wa ziwani, kama wengi wanavyomsimulia Nessie, lazima apande juu kuvuta hewa kila baada ya muda, mchana na usiku, na Loch Ness ina barabara pembeni na watalii na kamera mwaka mzima. Kwa hiyo coelacanth anatufundisha kwamba wanyama wa zamani wanaweza kubaki, ila hatufundishi kwamba yeyote anaweza kubaki popote.

Kwa nini Loch Ness haiwezi kumlisha? Si ni ziwa kubwa sana?

Ni refu, kilomita kama 37, na kina kinapita mita 220, maji meusi kwa mboji huoni hata hatua chache mbele. Kwa kujificha panafaa sana, shida ni chakula. Maji ni baridi, mwanga hauendi mbali, mimea midogo ya majini ni michache, kwa hiyo samaki nao ni wachache kwa ziwa la ukubwa ule, makadirio yaliyofanywa ni tani kama 20 hivi kwa ziwa zima.

Sasa piga hesabu. Kwenye ekolojia kuna kanuni ya makadirio kwamba kila ngazi ya ulaji inapitisha karibu asilimia 10 tu kwenda ngazi inayofuata, nyingine inaishia kwenye joto, mwendo na kinyesi. Tani 20 za samaki zinaweza kubeba tani 2 hivi za walaji wao. Tani 2 ni wanyama 10 wa kilo 200 kila mmoja, ambao ni wadogo kuliko wanavyosimuliwa, na hapo umeshawanyang'anya sili na fisimaji chakula chote. Kama ni majitu ya tani moja moja, unabaki na wawili.

Tena ziwa lenyewe ni changa, mpaka miaka kama 10,000 iliyopita pale palikuwa barafu tupu. Reptilia wa majini wa enzi za dinosaria hakuwa na pa kusubiri.

Na bado watu wamelipekua. 2003 walipitisha miale 600 ya sona, yaani mawimbi ya sauti ya kutafutia vitu majini, hawakuona kitu. 2018 Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago na wenzake wakachota sampuli karibu 250 za maji, maana kila kiumbe anaacha ngozi, ute na mkojo majini na vinasaba vyake vinasomeka. Majibu yalitoka 2019: hakuna reptilia hata chembe, ila vinasaba vya mikunga ni vingi kila kona. Je kuna mkunga mkubwa ajabu? Vinasaba havisemi ukubwa, lakini mkunga wa pale akifika mita moja huyo tayari ni mkubwa.

Kwa nini mmoja hatoshi? Labda yupo mmoja tu, mzee sana

Huyo mmoja alizaliwa na nani? Kama watu wanamwona tangu enzi za mababu basi siyo mmoja, ni kizazi juu ya kizazi, na kizazi kinataka idadi. Kuna kanuni maarufu ya uhifadhi ya mwaka 1980 inayosema kwa muda mfupi unahitaji angalau 50 wanaozaliana ili wasiharibike kwa kuoana ndugu kwa ndugu, na 500 kwa muda mrefu. Wataalamu wanabishana na hizo namba, wengi wanaona ni ndogo. Mfano hai ni nyangumi wa Rice wa Ghuba ya Meksiko, aliyetambuliwa kama spishi 2021, wamebaki kama 50 na wote wanaojua mambo wana hofu naye. Sasa mnyama wa hadithi umpe wenzake 50 tu, wote wakubwa, wote wanakula kila siku, na kwa miaka 100 wote wa kwanza wamekufa na kuacha mifupa.

Sasquatch anaishi kwenye misitu mikubwa sana, hapo mnasemaje?

Misitu ya kaskazini magharibi mwa Amerika kweli ni mikubwa, na inalisha mnyama mkubwa wa manyoya anayeweza kusimama kwa miguu miwili. Ni dubu mweusi. Mwaka 2009 watafiti walichukua ripoti za watu waliomwona Sasquatch pamoja na nyayo kutoka Washington, Oregon na California, wakaziingiza kwenye programu ileile inayotumika kutabiri makazi ya wanyama wa kawaida. Ikatoka ramani safi kabisa, ya kitaalamu, inaonyesha wapi panamfaa. Halafu wakaweka juu yake ramani ya dubu mweusi, zikalaliana karibu sawasawa. Mimi nadhani utafiti ule kila mtu anayependa mada hii angeusoma, kwa sababu unaonyesha wazi kuwa ramani ya makazi haithibitishi mnyama, ukiilisha ripoti za dubu itakupa nyumbani kwa dubu.

Na kuna swali la msimu wa baridi ambalo watetezi wanalipita juu juu. Dubu akishanenepa kwa matunda na samaki analala miezi kadhaa. Nyani mkubwa, kama Sasquatch anavyosimuliwa, hana mazoea hayo, sokwe wakubwa wa milimani (gorila) wanakula majani kuanzia asubuhi mpaka jioni, dume linaweza kumaliza kilo 20 na zaidi kwa siku. Januari, theluji imefunika kila kitu, kilo hizo zinatoka wapi? Hata Gigantopithecus wa kusini mwa China, nyani mkubwa kuliko wote waliowahi kuwepo, aliisha kati ya miaka 295,000 na 215,000 iliyopita kwa sababu misitu ilibadilika akashindwa kubadili chakula.

Na zile nyayo za yeti zilizopigwa picha?

Picha iliyotikisa dunia ni ya 1951, Eric Shipton aliipiga kwenye barafu ya Himalaya, na pembeni ya unyayo kuna shoka la barafu la kuonyesha kipimo. Sasa ukitaka kuelewa nyayo za theluji, mfuatilie dubu anavyotembea. Mguu wa nyuma unatua karibu palepale wa mbele ulipotoka, alama mbili zinaungana zinakuwa moja ndefu inayofanana na ya binadamu, halafu jua likipiga kingo zinayeyuka, unyayo unatanuka, kucha zinafutika. Ukifika saa sita mchana unakuta mguu wa jitu.

Kuhusu masalia, 2017 timu ya Charlotte Lindqvist ilipima vinasaba vya vipande tisa vilivyosemwa ni vya yeti, mifupa, meno, ngozi, nywele na kinyesi. Vinane dubu, kimoja mbwa. Mimi sioni kama ni jibu la kuvunja moyo, maana dubu wa kahawia wa Himalaya ni adimu sana na vipande vile vilisaidia kuelewa historia ya ukoo wake.

Vinamasi vya Kongo kwa mokele-mbembe?

Hapa pana hoja nzito zaidi kwa upande wa makazi, lazima tuwe wakweli. Kinamasi ni kikubwa, kinapitika kwa tabu, chakula cha mimea kipo tele. Watafiti walihesabu sokwe wakubwa (gorila) kaskazini mwa Jamhuri ya Kongo, ikiwemo vinamasi vya upande wa Ziwa Tele, kulekule anakosimuliwa mokele-mbembe, na 2008 wakatangaza sokwe kama 125,000, wengi wao dunia haikuwa na habari nao. Elfu mia na ishirini na tano!

Lakini uliza waliwahesabuje. Sokwe kila jioni anakunja majani na matawi anatengeneza kitanda, asubuhi anakiacha. Watafiti walitembea wakihesabu vitanda. Mnyama mwenyewe kajificha, alama zake zimejaa. Mla majani wa ukubwa wa tembo, kama mokele-mbembe anavyosimuliwa, angeacha njia pana, miti iliyovunjwa na marundo ya kinyesi, na timu zilizokuwa zinahesabu vitanda vya majani zisingeweza kuvikosa. Pia mboji ya kile kinamasi ina umri wa maelfu ya miaka tu, siyo mamilioni, kwa hiyo siyo kweli kwamba pale pamekaa vilevile tangu enzi za dinosaria.

Baharini je?

Baharini mimi nina matumaini makubwa. Papa mdomo mkubwa, mita nne na nusu, hakujulikana kabisa mpaka 1976 aliponasa kwenye nanga ya kitambaa ya meli ya jeshi la Marekani karibu na Hawaii. Ngisi jitu alisimuliwa karne na karne kama zimwi la baharini, na picha za kwanza akiwa hai kwenye maji yake zilipigwa 2004 na watafiti wa Japani. Ngisi mwenzake mnene zaidi wa bahari ya kusini amerekodiwa hai mita kama 600 chini ya maji 2025, tena mtoto tu. Mwaka 1998 Charles Paxton alikokotoa kuwa huenda wamebaki wanyama wa bahari wenye zaidi ya mita mbili kufikia 47 ambao hawajatajwa. Watakaopatikana nadhani wengi watakuwa nyangumi wa vilindini na papa.

Mbona basi hatupati maiti? Na mbona kamera hazimnasi?

Maiti msituni haikai, fisi, nguruwe, mchwa na mvua wanaimaliza fasta, hata mwindaji mzoefu ni nadra kukuta dubu aliyekufa mwenyewe. Hoja hii ni halali kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa miaka 100 yenye barabara, malori, moto wa misitu na mitego haisimami tena, maana dubu wanagongwa na magari kila mwaka na Sasquatch hajagongwa hata mmoja.

Kamera tego nazo zina mipaka, saola alinaswa 1999 na tena 2013, katikati kimya. Siku hizi wanatumia mpaka ruba. Ruba akishanyonya anabaki na damu ya mnyama tumboni kwa miezi, unamkusanya, unasoma vinasaba, unajua nani kapita. Njia hiyo kule Annam imeshaonyesha sungura mwenye mistari na paa wadogo ambao ni shida kuwaona.

Kwa hiyo wazee waliotusimulia walikuwa wanadanganya?

Hapana, na naumia nikisikia mtu anasema hivyo. Kuna wanaofananisha, giza la jioni na woga vinaongeza ukubwa wa kila kitu. Kuna stori zinazolinda watoto wasisogelee maji yenye mamba. Na kuna kumbukumbu. Madagaska watu wanasimulia viumbe wa msituni wenye uso kama wa binadamu, na mwaka 1658 Étienne de Flacourt aliandika kuhusu mnyama wa namna hiyo, mkubwa kama ndama. Mifupa ya komba majitu ipo, na mingine ina umri wa miaka 500 hivi tu. Inawezekana kabisa wale wasimulizi walikuwa wanamkumbuka mnyama wa kweli aliyekwisha.

Nimeona kitu ambacho sikijui. Nifanye nini?

Usimuue na usimfukuze. Piga picha nyingi na kwenye nyayo weka kitu cha kipimo, kalamu au sarafu, upige kwa juu moja kwa moja. Andika tarehe, saa, mahali na mnyama alikuwa anafanya nini, andika palepale kabla hujamsimulia mtu, kwa sababu ukishasimulia mara tatu kumbukumbu inajirekebisha. Nywele au kinyesi usishike kwa mkono mtupu, weka kwenye bahasha ya karatasi ikae pakavu, plastiki inatunza unyevu na vinasaba vinaoza. Peleka kwa mamlaka ya wanyamapori au idara ya zoolojia ya chuo kikuu.

Mahali kamili usipatangaze mtandaoni, wawindaji haramu nao wanasoma. Na picha usiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na taarifa za saa na mahali zinafutika, itume kama dokumenti na faili la asili usilifute.